Mtetea Anayechechemea

Kitale

Mpwa wangu,

Picha za mtetea wako nimeziona: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama mcheza sarakasi, na macho bado maangavu. Jirani amekwambia ni kideri. Sidhani. Kideri kingekuwa kimeshafagia banda, nawe ungeona shingo zilizopinda na kinyesi cha kijani. Mimi nashuku ugonjwa wa Marek. József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria, aliwaeleza majogoo waliopooza namna hiyo mwaka 1907.

Virusi vyake huingia na vumbi la manyoya. Kinachonishangaza ni yanayofuata. Askari wa mwili wenyewe hujazana kwenye mishipa ya fahamu, na utando unaoifunika huharibika. Kuna watafiti walioufananisha ugonjwa huu na ule wa binadamu wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mtu humgeukia mwenyewe. Mshipa mkubwa wa paja huvimba. Ukimpasua kuku, linganisha kushoto na kulia.

Lakini usingoje kupasua. Asubuhi unapomwaga chakula, tazama nani anafika wa mwisho. Kuku huyo hupiga hatua fupi, hukunja vidole, huangusha bawa, na hamu ya kula bado anayo. Wengi hufa kwa njaa na kiu kwa kuwa tu hawakifikii chombo. Hayo huanza kuonekana wakiwa na wiki sita hivi na kuendelea.

Dawa hakuna, usipoteze pesa sokoni Chwele kwa viuavijasumu. Kifaranga hudungwa chanjo siku ya kwanza, pale anapoanguliwa. Hawa wakubwa wameshachelewa. Mtenge mtetea huyo, choma mizoga, ondoa maranda yote, na usilete vifaranga wapya karibu na hao, maana vumbi la manyoya hubaki na virusi kwa miezi.

Na kwa kuwa tunazungumzia mwendo: ng'ombe wa hapo nyumbani akianza kuyumba miguu ya nyuma na kutoa mate, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekabwa. Kichaa cha mbwa huweza kuanza hivyo. Mwite daktari wa mifugo kwanza.

Muulize aliyekuuzia vifaranga kama walichanjwa, kisha unipigie.

Khocha wako