Mtoto Wangu Hakulia, Lakini Mungu Hakuniacha

Msiba wa mtoto aliyezaliwa mfu hauna matanga marefu. Kwetu wazee wachache huzika, majirani hutoa pole siku moja, na kesho yake kila mtu hurudi shambani au kazini. Mama aliyembeba mtoto huyo kwa miezi yote hubaki na msiba wake peke yake. Mama mwenzangu, kama umepita njia hiyo, makala hii nakuandikia wewe.

Novemba 2016, nikiwa na mimba ya miezi minane, mtoto aliacha kucheza tumboni. Nilikwenda hospitali siku ileile, na usiku nikajifungua mtoto wa kike. Viungo vyake vyote vilikuwa vimekamilika, hata kucha, lakini hakulia. Siku ya tatu maziwa yakaja. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maziwa huja hata kama mtoto hayupo. Nililowanisha khanga baada ya khanga, na kila tone lilinikumbusha yule aliyepaswa kunyonya.

Waliokuja kutupa pole walikuwa na nia njema. Mmoja alisema, "Usilie, wewe bado kijana, utapata mwingine." Wapo walionong'onezana wakiuliza nani katika nyumba ile ana kosa, au nani ametuloga. Maneno hayo yaliniumiza kuliko kimya. Mimi sikutaka mwingine, nilimtaka yule.

Kuhusu minong'ono, nilipata jibu katika Injili ya Yohana, sura ya 9. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Kumbe hata wanafunzi wa Bwana walikuwa na swali hilohilo, na Bwana alilikataa.

Kisha nikasoma upya habari za Hana. Tumezoea kusimuliwa kwamba ni mwanamke aliyeomba akapata. Safari hii niliona jambo jingine. Elkana alimpenda mkewe, akamwuliza kama yeye hakuwa bora kwake kuliko watoto kumi. Kuhani Eli aliona midomo yake ikichezacheza, akadhani amelewa. Mumewe hakuuelewa uchungu wake, na kuhani naye mwanzoni hakuuelewa. Hana akammiminia Mungu moyo wake wote, na Eli alipokwisha kumtakia amani, akaenda zake, akala chakula, na huzuni ikamtoka usoni.

Angalia vizuri, dada yangu: Hana alikula kabla ya kupata mimba. Samweli alikuwa bado hajatungwa tumboni. Kilichomwinua kwanza ni kujua kwamba kilio chake kimefika kwa Mungu. Hapo ndipo tumaini langu lilipoanzia. Kama tumaini langu lingekuwa mtoto mwingine, ningekaa nikingoja, na asipokuja ningebaki mikono mitupu.

Sisemi kwamba siku ile machozi yalikauka. Kwa wiki nyingi sala yangu ilikuwa kama Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la shukrani mwishoni. Nilijiuliza kwa nini Mungu aliacha sala kama hiyo katika Biblia. Sasa naamini aliiacha kwa ajili yetu, ili tujue kwamba anayemlilia Mungu gizani bado anaongea na Mungu.

Bwana alinitumia pia mtu. Mama mmoja mzee wa umoja wetu wa akina mama alikuja wiki ya pili, wageni wakiwa wamekwisha.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto ulimpa jina gani?"

Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza. Nikamtajia jina, nikalia sana, naye hakuninyamazisha. Baadaye akaniambia kwamba yeye alizika wawili miaka mingi iliyopita, na bado huwataja katika sala zake. Kisha akanipa kitambaa cha maji baridi nikande kifua, akachukua beseni akafua khanga zangu. Hakuhubiri hata neno moja, lakini mimi nilihubiriwa.

Baba watoto naye alikuwa na msiba wake. Miezi miwili hakuzungumza juu ya mtoto, nikadhani amesahau. Jioni moja nikamsikia akilia nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo tulianza kusali pamoja, tukimtaja binti yetu kwa jina.

Mpenzi msomaji, Umoja wa Mataifa ulieleza mwaka 2020 kwamba karibu watoto milioni 2 huzaliwa wakiwa wafu kila mwaka duniani. Basi katika kanisa lako yupo mama wa namna hii, hata kama hasemi. Mtembelee. Mwulize jina la mtoto. Mpikie uji, mchotee maji, na urudi tena baada ya mwezi, watu wengine wakiwa wamesahau. Ukiona wiki mbili zimepita naye hali, halali, au anasema afadhali afe, usimwambie imani yake ni ndogo. Mpeleke kwa mganga hospitalini, na usali naye njiani. Na wewe mjamzito, ukiona mtoto amepunguza kucheza, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Tangu wakati ule sijapata mtoto mwingine. Tunaye kijana wetu mmoja, aliyemtangulia dada yake, na watu bado huniuliza, "Lini tena?" Huwajibu kwa upole kwamba mimi ni mama wa watoto wawili. Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaonya wasihuzunike kama watu wasio na tumaini. Mimi nahuzunika na nina tumaini, na vyote viwili nimeviweka mbele za Yule aliyechukizwa wanafunzi wake walipowazuia watoto wasimkaribie. Binti yangu hakuzuiwa.

Mungu akufariji, dada, hata kabla hujapata ulichoomba.