Kompyuta ya Milioni Moja kwa Vijana wa Getanuwas

Mtu anayeishi Kariakoo na mtu anayeishi Getanuwas wakinunua kompyuta ya namna moja, siku moja, kwa bei moja, hawajanunua kitu kimoja. Bei ya yule wa Kariakoo huishia kwenye risiti, kwani kifaa kikiharibika atavuka barabara tu na kukirudisha. Bei ya mtu wa Getanuwas huendelea kuhesabika baada ya hapo. Ina nauli ya gari hadi Katesh, basi la Babati au Arusha, pengine hadi Dar es Salaam kwenyewe, na ina majuma ambayo watoto watakaa mbele ya kioo cheusi wakingojea kipuri cha shilingi elfu themanini.

Nimelazimika kuifikiri hesabu hii kwa sababu fedha niliyokwenda nayo dukani haikuwa yangu. Wazazi wa madrasa yetu, hapa katani Getanuwas, wilaya ya Hanang, walichanga shilingi milioni moja ili vijana wao wanaosoma sekondari wapate kompyuta ya mezani ya kujifunzia baada ya sala ya Alasiri na siku za mapumziko. Sisi Waislamu hapa si wengi, na mchango huo haukutoka kwenye mishahara. Yupo aliyeuza mbuzi. Yupo aliyetoa gunia la mahindi lililouzwa na mweka hazina. Mama mmoja alileta noti za elfu mbili mbili zilizofungwa katika pindo la khanga, akazihesabu mara mbili mbele yetu. Nami nikakabidhiwa kazi ya kununua kwa kuwa nina kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, na kwa kuwa nilikuwa na safari yangu ya Dar es Salaam, hivyo nauli haikuingia katika mchango. Kila anayeijua maana ya amana ataelewa kwa nini nililala usiku ule nikiwa na daftari kifuani.

Rai ya kwanza kikaoni ilikuwa kununua mtumba. Mzee mmoja aliyewahi kuwa karani alisema kompyuta zilizotumika ofisini Ulaya ni imara, zinapatikana kwa nusu ya fedha yetu, na kinachobaki kingenunua mikeka ya madrasa. Rai hiyo ina nguvu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kwa hiyo maofisi ya nchi tajiri yanaziondoa mashine zilizo nzima kabisa, nazo huishia katika masoko yetu. Zikiwekewa mfumo huria kama Linux zina miaka mingi ya kazi mbele yake. Ningekuwa mkazi wa Dar es Salaam ningenunua mojawapo bila kusita, na mikeka ingepatikana.

Kilichonizuia ni kifaa kimoja ambacho wanunuzi wengi hawakiulizii, nacho ni pawasaplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa viungo vyote vya kompyuta. Katika kompyuta za kujiundia, boksi hili hufuata kipimo cha ATX, ambacho Intel ilikitangaza mwaka 1995. Matundu ya skrubu yako palepale, na plagi yake kubwa, ambayo siku hizi ina pini 24, huingia katika ubao mama wowote wa kipimo hicho. Ikiungua ya kampuni hii, huwekwa ya kampuni ile na kazi ikaendelea. Lakini nyingi za kompyuta za ofisini zina pawasaplai yenye umbo lake peke yake na plagi yake peke yake. Ikifa, hutafuti pawasaplai tu. Unatafuta ile ile, ya kompyuta ile ile, na ukiipata nayo itakuwa imetolewa katika mashine nyingine iliyokufa.

Na hapa kwetu kiungo cha kwanza kufa ni hicho. Umeme unaopaswa kuwa volti 230 hushuka jioni hadi taa zikawa na rangi ya chai, kisha ukikatika na kurudi, hurudi kwa kishindo. Katika kibanda changu nimekwisha kuzika pawasaplai tatu, ilhali prosesa sijawahi kuzika hata moja. Wazee wa upande wa Basotu watanielewa upesi kuliko vijana: mashamba makubwa ya ngano ya Hanang yaliendeshwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, kwa mitambo iliyotoka ng'ambo, na habari ya kungojea kipuri si ngeni katika wilaya hii.

Basi niliingia Kariakoo nikiwa nimeligeuza daftari langu juu chini. Watu huanza na prosesa, kisha hukata fedha ya pawasaplai ili ibaki ya kasha zuri. Mimi nilianza na umeme. Kijana wa duka la kwanza alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mama, kwa milioni moja nakupa kitu cha kisasa, kasha la kioo, feni zinawaka rangi saba, na kadi ya picha juu yake." Nilimuuliza kadi ya picha itawafaa nini watoto wanaojifunza kuandika barua na kupiga hesabu katika majedwali. Akacheka, akasema itawafaa kwa michezo. Kile kioo nilikitazama nikaifikiria njia ya vumbi na makorongo kutoka Katesh, na kompyuta ikiwa imepakatwa nyuma ya pikipiki. Nilimshukuru nikatoka. Dini yetu inakataza israfu na inakataza ubahili, na katika maduka yale niliiona israfu ikiwaka kwa rangi saba, huku ubahili umejificha nyuma ya kasha hilo hilo, katika pawasaplai nyepesi kama kopo tupu.

Niliyoichagua ina wati 450, ingawa kompyuta yetu yote haifikii nusu ya hizo. Sikuzifuata wati bali maandishi madogo ya ubavuni: volti 100 hadi 240. Maana yake umeme ukishuka jioni kifaa hujirekebisha chenyewe, badala ya kuzima. Zile za bei ya chini huwa na swichi nyekundu mgongoni yenye namba 115 na 230. Mtoto mdadisi akiisukuma upande wa 115 wakati umeme wetu ni 230, mtasikia mlio mmoja na kuona moshi. Kuna nyumba za watoto wadadisi ambako swichi hiyo haifai kabisa, na madrasa ni nyumba ya watoto wadadisi arobaini.

Juu ya hiyo nikanunua UPS, kile kifaa chenye betri kinachokaa kati ya ukuta na kompyuta. Hakiwashi kompyuta usiku kucha kama wengine wanavyodhani. Hutoa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utulivu, na kile nilichochukua hurekebisha pia umeme unaopanda na kushuka. Ndani yake mna betri ndogo ya volti 12, ya aina inayotumika pia katika kengele za ulinzi, hivyo ikichoka itabadilishwa betri bila kutupa kifaa kizima. Pawasaplai shilingi 120,000 na UPS shilingi 130,000: robo ya mchango wa wazazi imekwenda katika vitu viwili visivyoiongezea kompyuta kasi hata chembe. Nilijua nitaulizwa, na niliulizwa.

Prosesa ilikuwa rahisi kuliko nilivyohofia. Nilichukua Intel Core i3-10100 yenye viini vinne, iliyotoka mwaka 2020. Si mpya, ila kwa kazi yetu inatosha na kusaza, na ina uwezo wa kuonyesha picha ndani yake. Hapa pana mtego ambao msomaji mwenye nia ya kujiundia kompyuta aujue. Ipo i3-10100F, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kidogo. Herufi ile moja ya mwisho maana yake uwezo wa picha haumo, na bila kununua kadi ya picha kioo hakitaonyesha chochote. Nafuu ya shilingi elfu thelathini ingetudai kadi ya laki moja na zaidi. Ubao mama nilichukua wa H510 wenye nafasi mbili za RAM, na diski ni SSD ya gigabaiti 240, isiyo na sahani zinazozunguka, kwa hiyo safari ya makorongo haiitishi sana.

Katika RAM ndipo nilipokubali mtumba. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei zake zimepanda duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza nguvu katika kumbukumbu za mitambo mikubwa ya akili mnemba, na mzazi wa Getanuwas anajikuta akigombea bidhaa na matajiri wasiojua kama yupo. RAM iliyotumika haichakai kama tairi; ama ni nzima ama ina kasoro, na kasoro hupimika. Tulikubaliana na muuzaji bei ya kijiti kimoja cha DDR4 cha gigabaiti 8, kisha tukashindana juu ya jambo jingine. Yeye alitaka muda wa kurudisha uwe siku tatu tangu siku ya kununua. Nikamwambia siku tatu mimi bado niko njiani. Katika fiqhi ya biashara mnunuzi ana khiyari anapokuta aibu katika bidhaa, na pande mbili zaweza kuwekeana sharti la muda. Yule kijana aliposikia neno khiyari alitabasamu, kumbe naye alipita madrasa. Akaandika kwa kalamu nyuma ya risiti ya EFD: siku saba tangu mzigo kufika Hanang. Usiku wa kwanza nyumbani niliiachia programu ya Memtest86+ iipime mpaka alfajiri. Haikuona kosa.

Gumzo kubwa zaidi halikuwa la vyuma. Duka moja lilikuwa tayari kutuwekea Windows "ya bure," maana yake nakala iliyovunjwa kufuli, na waliporudi kulisikia hilo wazazi wengine walilalamika kwa nini sikukubali. Baba mmoja alisema Bill Gates hatafilisika kwa kompyuta moja ya Getanuwas. Mwalimu wa madrasa alimjibu kwamba hata mbuzi wa tajiri ana mwenyewe. Kisha akatueleza kuwa Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988 liliazimia kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa na sheria ya Kiislamu, na kuzivamia hakujuzu. Sikuona namna ya kuwafundisha watoto Qur'ani mchana na kuwafundishia jioni juu ya kitu ambacho hatuna haki nacho. Kununua leseni halali nako kungekula fungu la pawasaplai.

Tukaweka Linux Mint na programu za LibreOffice, ambazo wenyewe wamezitoa bure kwa ridhaa yao. Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba hakuna gharama: hati iliyoandikwa kwa Word na kufunguliwa humo wakati mwingine hupotosha majedwali, na kijana atakayeajiriwa ofisini atalazimika kujizoesha upya. Yule baba hajaridhika mpaka leo, na hoja yake kuhusu ajira si ya kupuuza. Kwa upande mwingine, mtandao wetu ni wa kubahatisha, na kupitia programu ya Kiwix tumeweka Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya diski, isomwe bila intaneti. Binti mmoja wa kidato cha pili amekwisha kuandika kazi yake ya jiografia kuhusu Mlima Hanang, ambao huuona kila asubuhi anapokwenda shule.

Kwa jumla, pamoja na kasha la bati lenye kichujio cha vumbi, kioo cha mtumba cha inchi 19, kibodi na kipanya, zilitumika shilingi 950,000. Nilisoma risiti moja moja mbele ya wazazi. Yule mzee karani aliishika ile ya UPS muda mrefu kuliko nyingine zote, akauliza kama kweli hiki hakiongezi kasi. Nikamwambia hakiongezi. Akaikunja akairudisha mezani.

Shilingi 50,000 zilizobaki ziko kwa mweka hazina ndani ya bahasha iliyoandikwa "pawasaplai," na haziguswi kwa mikeka wala kwa chai ya Maulidi. Nafasi ya pili ya RAM bado i wazi katika ubao mama. Mahindi yakikubali mwaka huu, inshaallah, tutatafuta kijiti kingine cha gigabaiti 8, nami nimekwisha kumwachia yule kijana wa khiyari namba yangu ya simu.