Kulisaka Neno Lumbesa Katika Majadiliano ya Bunge

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno nalo ni mali. Sisi tuliojitwika kazi ya kuyatunza maneno huyatafuta katika diwani, katika kamusi na vinywani mwa wazee; ni nadra kuyatafuta katika rafu ya nyaraka za Serikali. Neno lililonifikisha kwenye rafu hiyo ni lumbesa.

Anayeishi kati ya Njombe na Makambako hahitaji kufafanuliwa. Lumbesa ni gunia la viazi lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kichwa juu yake na kushonwa kwa kamba, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Magunia ya namna hiyo huteremka kutoka vilima vya Njombe hadi Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Mbeya, yakaelekea mijini. Mama yangu mdogo ni mkulima wa viazi. Msimu mmoja mnunuzi alimwambia kwamba lumbesa ni desturi ya soko, wala hakuna aliyeikataza. Jioni akaniuliza: “Mwanangu, wewe uliyesoma, jambo hili halijapata kusemwa Bungeni?”

Katika maktaba niliyoiendea mjini Njombe nilimwamkia mkutubi, mzee mpole, nikamweleza kwamba naomba Hansard. Akaniuliza: mkutano wa ngapi, kikao cha ngapi, tarehe gani? Mimi nilikuwa na neno tu. Hakunicheka. Alinionyesha njia, nami naiandika hapa kwa faida ya wengine.

Kwanza, kila kitabu cha majadiliano hubeba kikao cha siku moja, kwa hiyo anayetafuta mada budi aigeuze kuwa tarehe. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, na kila wizara hupangiwa siku zake. Habari za vipimo zitafutwe siku za wizara inayosimamia biashara. Za wakulima, siku za kilimo. Pili, tuanze na sheria yenyewe, nayo ni Sheria ya Vipimo, Sura 340, kisha tufuate kanuni zake katika Gazeti la Serikali. Tatu, anayetaka sauti za wananchi walioitwa kutoa maoni mbele ya kamati asiishie kwenye muswada. Afungue siku uliposomwa mara ya pili, kwa kuwa ndipo mwenyekiti wa kamati husoma taarifa yake na kueleza wadau walisema nini. Nne, Njombe imekuwa mkoa mwaka 2012. Kabla ya hapo itafutwe chini ya Iringa.

Vitabu vingine havikuwepo rafuni, nikavisoma katika tovuti ya Bunge. Lumbesa nililikuta, tena si mara moja. Kuna mahali limeandikwa lumbesa, kuna mahali rumbesa. Mbunge hutamka lumbesa, Serikali hujibu kwa vifungashio na ujazo. Ni jambo lile lile katika rejista mbili: moja imetoka shambani na mgongoni mwa mpakiaji, nyingine imetoka ofisini. Mwanalugha anayetaka kujua neno la mtaani linavyopigiwa hodi hadi likafunguliwa mlango wa lugha rasmi hana ushahidi bora kuliko huu, kwa sababu una tarehe na jina la msemaji.

Mshairi naye ana lake humo. “Mheshimiwa Spika” hurudi kichwani mwa kila aya kama kibwagizo kilichohama mwisho wa ubeti kikakaa mwanzo. Mabano hutunza yale ambayo maneno hayakuyabeba: makofi, vicheko, kengele ya kumaliza muda. Na jina la Hansard, ambalo tumeliazima kwa Thomas Curson Hansard, mchapaji wa London wa karne ya 19, halikuwahi kuling’oa jina letu lililo jaladani: Majadiliano ya Bunge.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Kwa miongo mingi miswada yetu iliandikwa kwa Kiingereza, ikajadiliwa kwa Kiswahili, ikawa sheria kwa Kiingereza. Marekebisho ya mwaka 2021 ndiyo yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Maana yake ni kwamba, kwa sheria nyingi za kabla ya hapo, Kiswahili kilichozipima, kilichozitetea na kilichozipinga kimebaki katika majadiliano peke yake. Rafu hiyo ikiliwa na mchwa, tutabaki na sheria bila mazungumzo yaliyoizaa.

Mama mdogo nilimpelekea kurasa chache pamoja na kanuni inayotaka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Alizisoma polepole, akazikunja, akaziweka pamoja na stakabadhi zake za mbolea. “Kumbe tulisemewa,” akasema. Msimu uliofuata alidai mzani. Mnunuzi mmoja aliondoka. Wa pili alipima.

Washairi wenzangu, tusidhani nyaraka za Serikali ni za wanasheria na wanasiasa tu. Sheikh Amri Abedi, aliyetuachia *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, alikuja kuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika; mizani za ushairi na za sheria zilikaa katika mikono ya mtu mmoja. Kila mmoja wetu na achague neno moja la kwao, la shambani, la mtoni au la sokoni, aingie maktaba iliyo karibu, aulizie namba 328 katika mpango wa Dewey au rafu ya nyaraka za Serikali, alitafute. Akilikuta, aandike mkutano, kikao na tarehe. Asipolikuta, hilo nalo ni jibu: neno la kwao bado halijasemewa.