Fimbo ya Mbali

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Mzee mmoja, mpokea simu katika tawi la ofisi fulani mjini Kajiado, aliijua methali hii tangu utotoni. Hakudhani kwamba siku moja ingemhusu yeye na simu iliyokuwa mezani pake.

Mzee huyu aliwahi kuwa opareta katika zama za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka wa 1999. Enzi hizo, mkono wake ndio uliochomeka waya mahali palipostahili. Akikosea, alijua amekosea. Simu za ofisi hii mpya hazikuhitaji opareta. Zilipitisha sauti katika mtandao uleule wa tarakilishi na kujitafutia njia zenyewe. Angalau hivyo ndivyo alivyodhani.

Adhuhuri moja, mama mfagizi alizirai ukumbini. Mzee alikipigia simu kituo cha afya, akajibiwa upesi, akaeleza shida na kukata. Dereva wa gari la wagonjwa alipopotea njia, aliipigia namba iliyoonekana. Simu ikalia Kitengela, yapata kilomita 50 kutoka hapo, kwenye makao makuu ya ofisi. Karani wa huko akajibu kwa adabu kwamba hapakuwa na mgonjwa yeyote. Dakika za thamani zikapotea. Mama yule alinusurika, ila mzee hakupata usingizi usiku huo.

Kesho yake fundi wa mitambo aliwasili, binti wa makamo ya mjukuu wake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hebu niambie: nilipiga simu nikiwa papa hapa. Mbona namba yangu ilitokea Kitengela?"

Binti alieleza kwamba kila simu ya aina hii, inapowashwa, sharti ijisajili kwa lango, yaani mtambo unaoiunganisha na laini za nje. Huliarifu lango namba yake na anwani yake mtandaoni, nalo lango huhifadhi habari hizo. Usajili huo una muda, aghalabu saa moja, kisha hufanywa upya. Katika ofisi hiyo, lango lililoisajili simu ndilo lililoutoa mwito wake nje. Kajiado palikuwa na lango, lakini simu zote zilitayarishwa Kitengela kabla ya kusafirishwa, zikapewa anwani ya lango la kule.

"Simu haijui ukaribu wala umbali, Mzee. Yaijua orodha iliyopewa."

"Kumbe ni kama mtoto aliyeandikishwa shule ya mbali, ilhali ya jirani ina nafasi."

Binti akazipa ofisi hizo mbili mafungu tofauti ya anwani. Akauagiza mtambo unaogawa anwani Kajiado uzipe simu orodha mpya: lango la Kajiado kwanza, la Kitengela pili. Kitengela utaratibu ukawa kinyume chake. Mzee alipojaribu kuipigia rununu yake, namba ya Kitengela ikajitokeza tena! Simu ilikuwa bado imeishikilia orodha ya zamani. Ikawabidi wapite chumba hadi chumba, wakizima na kuwasha simu moja baada ya nyingine. Hatimaye namba ya Kajiado ikaonekana, na mzee akatabasamu.

Kisha binti akauchomoa waya wa lango la Kajiado kwa makusudi. Simu zikanyamaza kwa muda, zikajisajili Kitengela. Binti aliridhika, kwani lango la akiba lilikuwa limefanya kazi yake. Mzee, kinyume chake, alikunja uso.

"Na mtu akizirai sasa hivi, binti yangu, namba itakayoonekana ni ya wapi?"

Binti alinyamaza. Ilikuwa ya Kitengela.

Ama kwa hakika, hapo palihitaji ujuzi wa opareta wa kale. Mzee alitwaa kadi, akaandika kwa hati ya mkono iliyonyooka, akabandika moja kando ya kila simu: "Taja ulipo kabla ya kutaja shida." Binti alizisoma, kisha akaomba apewe nyingine za kupeleka Kitengela.