Vakansi ya Kiangazi Nyumbani Kwetu

Huko Ulaya miezi ya Julai na Agosti ndiyo miezi ya joto, watu hutoka majumbani mwao kwenda kuoga baharini. Kwetu Bukavu miezi ileile ni kiangazi cha namna nyingine. Mvua imekoma tangu Juni, vumbi jekundu laingia hata katika sahani, na moshi wa majani yanayochomwa milimani wafunika ziwa hata ng'ambo ya Rwanda haionekani vizuri. Mchana jua lawaka. Lakini mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku baridi yauma. Tena ndiyo miezi ya vakansi kubwa. Shule zimefungwa mpaka Septemba, na kila mzazi ajiuliza: watoto hawa tuwaweke wapi?

Zamani wetu wangalikwenda Walungu kwa babu yao kuchunga mbuzi. Lakini tangu wapiganaji wa M23 walipoingia mjini mwetu Februari 2025, sisi wazazi tunafikiri mara mbili kabla ya kumpeleka mtoto njiani. Na ziwa nalo lawaita. Ziwa Kivu halina mamba, kwa hiyo watoto hudhani halina neno. Kumbe pwani yake yashuka ghafula: hatua mbili maji yapo magotini, hatua ya tatu hakuna chini. Basi, vakansi ya mwaka ule wa 2025 tulikata shauri: watatu wetu watakaa nyumbani.

Sisi tulipita seminarini, na yaliyotoka huko hayatutoki upesi. Tulichukua karatasi tukaandika utaratibu wa siku: kuamka, sala, kufagia, kusoma, kimya, mchezo, kusoma tena. Tukaubandika ukutani. Siku ya kwanza waliufuata kama wanovisi. Siku ya pili yule wa kiume, mwenye miaka minane, aliuliza kama kimya ni lazima hata kwa mtu asiyetaka kuwa padri. Siku ya tatu tuliporudi tulikuta nyumba tupu, na tukawaokota mmoja mmoja, wa mwisho karibu kabisa na ziwa.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo twaliandika hapa kwa haya. Jumamosi moja mama yao alikuwa amekwenda soko la Kadutu, nasi tulikuwa na mafundisho ya Komunyo ya kwanza parokiani. Tukamwambia binti yetu mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, awatunze wenzake. Tukafunga mlango kwa nje, tukatia kufuli, tukatia ufunguo mfukoni. Njiani tulijisifu kidogo. Leo, tulisema, hakuna gari, hakuna ziwa, hakuna mtu mbaya.

Yaliyotokea ndani tuliambiwa baadaye. Walichoka kusoma, wakasikia njaa. Katika bakuli zilikuwamo sambaza za jioni. (Samaki hao wadogo, tuliokua nao wote kana kwamba waliumbwa Kivu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.) Mbabula ilikuwa pembeni, makala yapo, kiberiti kipo. Siku zote mama yao huiwasha uani. Lakini uani hawakuweza kwenda, maana baba yao alikuwa amefunga. Wakaiwasha chumbani, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi.

Jirani yetu, bibi mzee ambaye mtaa mzima twamwita Koko, alikuwa akianua nguo zake. Aliona moshi ukipenya kati ya mbao za ukuta wetu. Aliita, akajibiwa na mtoto mmoja tu. Vijana walivunja kufuli kwa jiwe. Ndani hapakuwa na ndimi za moto bado, ila blanketi lililokuwa karibu na mbabula lilikuwa limeanza kuungua ukingoni. Binti yetu aliumwa kichwa na kutapika. Mdogo, wa miaka minne, alikuwa amelala chini, amelegea, haitiki. Walimtoa nje, wakamlaza mahali penye upepo. Baadaye kidogo akalia, na Koko asema kilio kile kilikuwa kizuri kuliko kengele ya Pasaka.

Tuliporudi tulikuta watu wamejaa. Koko hakupiga kelele. Alitupa kufuli mkononi akasema, "Mwalimu, hata kuku mtu huwaachia tundu." Basi. Tena akaenda kuanua nguo zake zilizobaki.

Kwenye zahanati walitueleza jambo ambalo yafaa kila nyumba ilijue. Makala yanapowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu. Moshi waweza kwisha, mtu akadhani sasa ni salama, na sumu ipo. Huleta maumivu ya kichwa na usingizi, aliyelala haamki. Na katika kiangazi chetu ni wangapi waingizao mbabula chumbani usiku ili kuota moto! Sisi wenyewe tulikuwa tukifanya hivyo. Sasa yalala nje, nasi tumeongeza blanketi.

Habari ya moto haihitaji maneno mengi. Anayekaa katika nyumba ya mbao Kadutu ajua jinsi Nyamugo ilivyoungua, wala si mara moja. Mbao zimekauka, nyumba zagusana, vijia ni vyembamba, gari la kuzima moto halipiti. Mshumaa mmoja ulioachwa kwa mtoto watosha. Tumeweka ndoo ya mchanga karibu na mlango na bidoni mbili za maji ambazo hakuna ruhusa kuzigusa. Maji ya kunywa ni mengine, nayo huchemshwa, maana bomba likikauka watu huchota ziwani, na kipindupindu chatujua kwa majina.

Tulikaa nyumba nne pamoja, tukapatana: kila siku mtu mzima mmoja abaki uani, awe macho ya watoto wote. Siku yetu ni Jumatatu. Chini ya mvokado watoto walichimba kisoro: mistari minne ya mashimo manane, kete sitini na nne, na kwa kete hutumia kokoto za njiani. Huo ndio mchezo uliowashika kuliko karatasi yetu yote. Mtu hawezi kuucheza bila kuhesabu, wala hawezi kuhesabu na kupiga kelele pamoja, hivyo kimya tulichokiandika ukutani kilikuja chenyewe. Yule wa miaka minane alitushinda mara tatu, akatuuliza kwa adabu kubwa kama seminarini hawafundishi hesabu. Saa kumi na moja jioni, kabla ya baridi, Koko hutoa kiti chake na kuanza hadithi za Sungura na Chui. Zingine huzirudia, watoto humsahihisha. Na ziwani twaenda Jumapili baada ya Misa, sisi wakubwa tukiwa tumesimama majini, wao wakiwa kati yetu na pwani.

Karatasi ya utaratibu tuliiondoa ukutani, ila sala ya jioni imebaki. Kufuli lililovunjika tumeliweka juu ya kabati, tulione. Mdogo ni mzima, acheka, ala vizuri. Lakini kila usiku, sala ikiisha, huondoka kitandani bila kusema neno, huenda mlangoni, huvuta komeo, huchungulia nje, hulirudisha. Huko ng'ambo Koko hukohoa kidogo ili ajue yupo. Ndipo hurudi kulala.