Mate si makohozi

Sisi wa huku Nchelenge tunajua kuna Kilwa mbili: mji ulio upande wa Kongo, na kisiwa kilicho upande wa Zambia. Ukimwambia mwenye mtumbwi "Kilwa" tu, unaweza kufikishwa kusiko. Kwenye mambo ya koo pia tunapotea hivyo hivyo.

Wengi wetu Mantapala tuna mama au ndugu anayekohoa siku nyingi, sauti imekwaruza, kila asubuhi anasafisha koo. Watu wanasema ni TB tu, wanamtenga, hata kikombe anawekewa chake. Jamani, TB inaenea kwa hewa, si kwa kikombe. Na ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda upimwe, usingoje. Kipimo hicho kinataka makohozi ya kutoka kifuani. Ukitema mate tu, ugonjwa unaweza usionekane.

Na kama si TB? Inawezekana ni asidi ya tumbo inayopanda hadi kooni, mara nyingi bila kiungulia. Hapo sasa mate yana kazi: kuna kipimo kinachotafuta pepsini ndani yake, ile ya tumboni inayosaga nyama na samaki. Daktari wa koo naye anaweza kupitisha kamera nyembamba puani, atazame pale sauti inapotoka. Ila hata mtu mwenye afya anaweza kuwa na pepsini kwenye mate, na koo linaweza kuwa jekundu kwa sababu ya moshi. Hakuna kipimo kimoja kinachomaliza maneno.

Kuna kimoja kisichohitaji umeme: maswali. Mwaka 2002 daktari Peter Belafsky na wenzake walitoa maswali 9, kila moja alama 0 mpaka 5. Jumla ikipita 13, wanashuku asidi. Sauti inakwaruza? Unakohoa ukishalala? Unahisi donge kooni? Mama atajibu vipi kwa lugha asiyoielewa? Ninyi mnaotuhudumia, mkalimani ni sehemu ya kipimo.

Wakati huo huo, anayekula bukari usiku aache masaa 3 kabla ya kulala. Akishindwa kumeza, akikonda au akitema damu, awahi hospitali.

Na sisi tusimtenge mtu kwa kukisia.