Filamu Yangu Ilivyokataliwa

Mimi nilidhani nimetunga filamu. Mwalimu alituambia kila mmoja alete wazo lake chamani, wenzake walichambue, kisha moja litayarishwe kwa tamasha la drama na filamu la shule. Langu lilijaa majambazi, bastola na kukimbizana River Road. Nilisimulia hadi jasho likanitoka.

"Hiyo si ni Nairobi Half Life ya 2012?" akadakia mmoja. Mwingine akauliza kama nimewahi kushika bastola hata siku moja. Wote wakaangua kicheko. Nilikasirika, maana huyo lake lilikuwa la majini wa Mombasa na hajavuka Athi River!

Ndipo msichana tunayekaa naye dawati moja akauliza polepole, "Na yule mzee wa mkokoteni wa maji aliyekuita pale Naivasha Road, ukajifanya humsikii, ni nani?"

Nilitulia kama maji mtungini. Kisha nikasema, "Ni baba."

Hakuna aliyecheka. Wakaanza kuuliza: huamka saa ngapi? Hubeba mitungi mingapi? Siku hiyo alisema nini nyumbani? Mengine sikuwa na jibu.

Jioni nilimngoja baba kwenye steji ya Satellite, nikausukuma mkokoteni kutoka nyuma hadi nyumbani. Nilimweleza habari ya filamu, na ya siku ile pia. Alinyamaza kitambo. Halafu akauliza, "Sasa huo mkokoteni nitauvuta mimi, ama mtaleta mtu wa kuniigiza?"